Lori Lililozimwa Mteremko wa Mtoni

Nakumbuka siku ile kama ya jana, mwanangu, na usinikatize. Umekuja hapa umenambia, "Bibi, nimegonga ukuta wa watu, lakini ilikuwa dharura, sina kosa." Ukacheka. Mie sikucheka.

Babu yako Pazi alikuwa dereva wa lori enzi za Mwingereza, akibeba mbata, nazi kavu, kutoka Mbagala kupeleka mjini. Kijana mtanashati, kofia kailaza upande! Tajiri wake akimpimia petroli kwa debe, na madereva wa siku zile walikuwa na mtindo wao. Wakifika juu pale Mtoni wanazima moto petroli isiliwe, wanaweka frii, gia haishiki, lori linateremka lenyewe mpaka chini. Wanasema wanapumzisha mashine. Nami nikipanda naye, wallahi, nilikuwa naupenda ule mteremko. Kimya, upepo tu. Nikimwambia, "Zima, Pazi, zima!"

Siku hiyo nilikuwa naye, natoka kwa mama. Tuko katikati ya mteremko, mtoto akachomoka vichakani kumkimbiza kuku, huyo, barabarani! Pazi akakanyaga breki, lori na mzigo wake likagoma kusimama. Mashine ingekuwa inawaka, gia ingelizuia. Akakata usukani kumkwepa mtoto. Upande ule alikuwa anapita Bi Tatu, jirani yetu wa mlango kwa mlango, mtungi kichwani, ametupa mgongo. Hata hakugeuka. Alifia palepale, mie nimeshuka napiga mayowe, na mtoto yule amesimama mzima, kuku kamkumbatia.

Kortini watu wote walikuwa upande wetu. Hakimu, Mzungu, akasema kwa mdomo wa mkalimani kwamba mtu aliyeshtukizwa na hatari hatakiwi achague sawasawa na aliyekaa kitini anafikiri. Nikashusha pumzi. Nikajua narudi nyumbani na mume wangu. Kisha akamuuliza Mzee Kondo, mume wa marehemu, kama ana neno.

Mzee alisimama, akamtazama Pazi. "Mwanangu, mke wangu hakuwa kiziwi. Lori lako tulikuwa tukilisikia tangu liko mbali, tunakaa pembeni. Siku ile mbona hakulisikia?"

Pazi angeweza kusema mashine ilizimika yenyewe. Nilimkodolea macho aseme hivyo, Mungu anisamehe.

"Nililizima mwenyewe, mzee," akasema. "Niliweka frii."

Basi. Hakimu akasema mtoto alimshtukiza, kweli, lakini lile la kushindwa kusimama Pazi alikuja nalo mwenyewe tangu juu ya mteremko, alipozima. Wakamchukua. Mie nikarudi Mtoni peke yangu, kwa miguu.

Alipotoka jela alikuwa mtu mwingine. Usukani hakuugusa tena. Mzee Kondo alikuja barazani akampa mkono, akamwambia amemsamehe, na haikusaidia kitu. Mama wa yule mtoto alikuwa akija kila Idi na sahani ya vitumbua, kushukuru. Babu yako akisikia hodi yake anatokea mlango wa uani. Gari likipita barabarani alikuwa anasimama, anatega sikio, mpaka lipotee ndipo aketi. Hivyo hivyo mpaka tukamzika. Nami nimebaki na lile neno langu, zima, Pazi, zima, na sina wa kumtaka radhi.

Sasa wewe. Sikuulizi nani alichomoka mbele yako. Nakuuliza, kabla hajachomoka, ulikuwa unafanya nini? Dharura haikupi nafasi ya kufikiri, kwa hiyo fikiri mapema. Breki zikague ungali nyumbani. Penye makazi ya watu punguza mwendo hata kama humwoni mtu. Usiseme wenzako wote wanafanya. Wa babu yako nao walikuwa wanafanya, na kizimbani alisimama peke yake. Na ukiulizwa sema kweli, hata mie nikikukodolea macho.

Haya, nenda. Mungu akufikishe na akurudishe, na kila utakayempita njiani amfikishe kwao salama. Gari liwashie hapa hapa mlangoni, mwanangu. Nataka nilisikie mpaka likate kona.