Njia Iliyoishia Mpakani

Kazini walimwita Mpakani. Meza yake ilikuwa katika chumba cha baridi ya kugonganisha meno, ambamo nyaya za kampuni yao ya intaneti ziliungana na za kampuni nyingine. Gereza lilipata mtandao kwao. Mahakama iliupata kwa wale wa pili. Mahabusu walisikilizwa kwa video, na sauti na picha zao zilihitaji kupishwa na kila kitu kingine, kama gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani. Upande wake, Mpakani alikuwa amezitengea njia. Upande wa pili zilipishwa kwa hisani ya fundi mwenzake, mzee mcheshi.

"Mitandao yetu imeoana, kwa hiyo sisi ni mashemeji," mzee alizoea kusema. "Ila mahari sijaona hata kuku!"

Wakubwa wa kampuni hizo hawakuwa wakiiva chungu kimoja, na hawakuwahi kukubaliana lolote juu ya njia hiyo. Mafundi walimalizana kwa mdomo.

Kisha mdogo wake Mpakani akakamatwa pamoja na wenzake wa gereji, kwa gari la wizi lililokutwa uani. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na katika chumba cha mahabusu walimolala wamebanana kifua kikamzidi. Wakili aliomba atoke kwa dhamana akatibiwe. Hakimu akasema atamsikia mgonjwa mwenyewe kwanza.

"Hiyo mitambo yenu haitamkatisha mwanangu?" mama aliuliza.

"Mama, njia hiyo naishika mimi. Wewe lala usingizi."

Asubuhi ya kesi aliipima njia kutoka gerezani hadi ukutani mwa chumba chake. Ndivyo mafundi wafanyavyo: kila mmoja hupima mpaka kwake, ya jirani ni ya jirani. Taa zote zilikuwa za kijani. Akaenda mahakamani kukaa na mama.

Mdogo wake alitokea kwenye skrini, mashavu yamebonyea, mabega yakipanda na kushuka.

"Hali yako ikoje?" hakimu aliuliza.

Kijana alifungua kinywa, na picha ikaganda hapo hapo. Sauti ikaja vipande vipande: "Usi... siwezi... pu..."

"Rudia."

Kinywa kikabaki wazi. Mtu wa benchi la nyuma akanong'ona, "Kaganda kama samaki wa friji," na wawili wakacheka. Mama hakugeuka kuwatazama. Alimtazama Mpakani.

"Siwezi kuamua kwa picha iliyoganda," hakimu alisema. "Mwezi ujao."

Nje, Mpakani alimpigia mzee simu.

"Shemeji! Nimeshastaafu mie, hukusikia? Wale kuku wa mahari sasa nawafuga mwenyewe."

"Na njia ya gereza?"

Kuku walisikika wakiparura.

"Aliyenirithi... sikumwambia. Nilijua wewe utamwambia."

"Mimi nilijua wewe."

Mrithi huyo alikuwa mtu muungwana. "Kaka, nilikuta amri ya kupisha isiyo na mwenyewe kwenye mitambo, nikaifuta," alisema. "Ungenipigia tu." Kabla chai yake haijapoa, alikuwa ameirudisha. Safari hii Mpakani hakuishia ukutani kwake. Walipima pamoja, kutoka gerezani hadi ndani ya chumba cha mahakama. Wakili alihangaika kuomba tarehe ya karibu, lakini foleni ya kesi ilikuwa ndefu. Mpakani alirudia kipimo kile kila siku, kana kwamba njia ile ndiyo iliyokuwa ikiumwa.

Mwezi ukafika. Skrini iliwaka, na picha ilikuwa safi hata rangi iliyobambuka kwenye ukuta wa gereza ilionekana. Kiti kilikuwa kitupu. Askari jela akasogea mbele, akavua kofia.

"Mheshimiwa, mahabusu huyu amefariki alfajiri ya leo. Kifua."

Hakuna neno lililokatika. Hata pumzi ya askari ilisikika. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Leo inasikika vizuri," mama alisema taratibu. Kisha akainama, akaanza kupapasa chini ya benchi akitafuta viatu vyake, na miguuni alikuwa amevivaa. Mpakani akapiga magoti sakafuni, akapapasa naye.