Nyumba ya Langoni

Mama aliomba mabati tu. Nalisema hili mapema kwa sababu hadithi inayosimuliwa kanisani kwetu Ndhiwa huanzia kwingine, huanzia pale wageni walipoguswa moyo na mjane mzee. Paa lake lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Kamati ya kanisa ilipopita ikiuliza wajane wana mahitaji gani, kwa kuwa wageni wa misheni walikuwa wanakuja kwa wiki moja, aliwaambia anataka mabati na mtu wa kupanda juu kuyapigilia. Basi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, aliyojengewa na baba wakiwa bado vijana. Ilikaa juu kabisa bomani, mlango ukitazamana na lango, maana ndivyo ikaavyo nyumba ya mke wa kwanza kwetu Wajaluo. Baba alizikwa kando yake, upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa wa mama, naye aliufagia kila asubuhi bila huzuni yoyote, kama mtu anayetandika kitanda mapema. Mwanamke wa kwetu huzikwa ubavuni mwa nyumba yake. Akikosa nyumba, amekosa pa kuzikwa.

Chini, karibu na lango, palikuwa na uwanja mtupu. Hapo ndipo mtoto wa kiume hujenga simba, nyumba yake ya ujana. Kaka yangu, mwana wa kiume wa pekee, alifariki kabla hajajenga. Mama hakuruhusu hata mbuzi afungwe pale.

Wageni walipofika mimi nilikuwa Suna, Migori, ninakofundisha. Walilala hotelini Homa Bay, na kila asubuhi waliletwa kwetu kwa magari ya kukodi. Mama naye alihamishiwa kwa mchungaji wiki nzima, eti ashtukizwe siku ya mwisho. Mchungaji alinipigia simu Ijumaa.

"Mwalimu, kuja kesho utafsirie mama. Bwana ametenda makubwa hapo kwenu."

Nilipofika langoni nilidhani nimekosea boma. Pale pa kaka yangu palisimama nyumba ya matofali, imepakwa rangi ya samawati, ina madirisha ya vioo. Wageni wenye malengelenge mikononi walikuwa wakikumbatiana. Nikainua macho kule juu. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa, kaburi la baba, na kile kijumba cha nyasi alichopikia mama, ambacho nadhani walichoka kabla ya kukifikia.

Nikamvuta mchungaji kando.

"Nani aliwaambia wabomoe?"

"Si ilikuwa inavuja, mwalimu? Hata picha ya kabla tuko nayo. Ilikuwa aibu."

"Na mbona mmejenga hapa? Wewe si Mjaluo? Hujui hapa ni pa nani?"

Akacheka kile kicheko chake cha madhabahuni. "Lori ya matofali ilikataa kupanda huko juu. Na hawa watu walikuwa na wiki moja peke yake. Mama ameokoka, mambo ya chira aliwacha kitambo."

Chira ni ile balaa inayomwandama aliyevunja mwiko. Ajabu ni kwamba mchungaji huyo huyo, siku alipohamia boma lake jipya, alitanguliwa na baba yake na jogoo, ile mila ya kufungua boma, kama Mjaluo mwingine yeyote. Wokovu wake ulikuwa wa kubomolea nyumba za wenzake.

Nikamwendea kiongozi wa wageni, mzee mpole mwenye kofia pana, nikamweleza yote kwa Kiingereza. Sitamsingizia, alisikiliza vizuri, akatazama kule juu, akasema pole. Kisha akauliza kama mama hangeweza kuzoea polepole. Kuzoea! Kesho yake walikuwa na ndege ya kupanda, yeye hakuwa na chochote cha kuzoea.

Mama aliletwa amefungwa macho kwa leso. Wasichana wawili wa kigeni walimshika mikono, wengine wakiimba kwa Kiswahili walichojifunza wiki hiyo. Leso ikafunguliwa. Aliitazama nyumba ya samawati kidogo tu, halafu macho yake yakaipita yakaenda juu, yakabaki huko. Kamera zikafanya kazi yake. Picha hiyo imetundikwa kanisani mpaka leo, na watu husema, tazama mama anavyoangalia mbinguni.

Akaniinamia akasema kwa Kijaluo, uso ukitabasamu kwa ajili ya wageni: "Nyathina, mwanangu, wameniweka kwa kaka yako. Mama atalala kwa mwanawe namna gani? Na baba yako amebaki na nani kule juu?"

Kiongozi akauliza mama amesema nini. Nikatafsiri neno kwa neno, sikupunguza. Lakini mchungaji alikuwa ameshapaza sauti, "Anasema asante sana!" na makofi yalipolipuka, maneno yangu hayakusikika. Mama akapiga makofi pia. Hakulelewa kumwaibisha mgeni.

Tangu siku hiyo alilala katika kile kijumba cha kupikia, kuni upande huu, kuku upande ule. Nyumba ya langoni ilifungwa kwa kufuli. Nilimsihi aje akae nami Suna, akakataa katakata. Alisema hawezi kuliacha kaburi likae peke yake. Mimi ni binti niliyeolewa, na binti hajengi katika boma la baba yake, hata angekuwa na mabati ya kufunika Ndhiwa nzima. Wa kujenga walikuwa ndugu za baba. Nikamwendea baba mdogo, nikapiga magoti.

"Baba, mjengee mama hata chumba kimoja, pale pale pa zamani."

"Nyara, binti yangu, si ako na nyumba?" akasema bila kunitazama. "Tukijenga ingine, wazungu watasema sisi hatuna shukrani. Na mchungaji amesema wakirudi watatuchimbia kisima. Unataka boma yote ikose maji juu ya mtu mmoja?"

Nilirudi kwake tena na tena. Kila mara kilikuwa kisima. Nikauliza kwa ndugu wengine wa baba na kwa binamu, wote wakajifanya hamnazo. Mama mwenyewe aliacha kuuliza. Alifagia tu ule upande wa kushoto wa nyumba isiyokuwepo, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu alijua mipaka yake bila ukuta wa kumwonyesha.

Wageni hawakurudi. Nasikia walienda upande wa Oyugis, kwa kanisa jingine.

Mvua ndefu iliyofuata ilimkuta mle jikoni. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Kifua kilimbana, tukamkimbiza hospitali Homa Bay, na hakutoka tena.

Hapo ndipo ukoo wetu uliamka. Haiwezekani mwanamke kuletwa nyumbani maiti na asiwe na nyumba. Hiyo ingewaletea chira wao wenyewe. Baba mdogo, yule wa kisima, alishika shoka akakata nguzo kwa mkono wake. Wanaume walichimba mashimo kule juu, pale pale. Wanawake walikanyaga udongo wakikandika kuta. Mabati yaliletwa, mapya, yanang'aa, kila mmoja akitoa kwake, na hakuna aliyekumbuka kisima. Walianza baada ya chai ya asubuhi. Kabla jua halijazama nyumba ilikuwa imesimama, mlango ukitazama lango. Mchungaji alifika akaombea kazi ya mikono yao, nami nikaondoka nisije nikamrushia tope.

Jeneza liliingizwa ndani, udongo wa kuta ukiwa bado mbichi. Nilikaa chini kando yake. Punde mvua ikaja, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka watu hawasikilizani. Nikanyoosha mkono juu ya jeneza, nikapapasa ubao wote, kichwani hadi miguuni.

Ulikuwa mkavu.