Mfinyanzi Akitega Sikio

Chungu kikitoka motoni, mfinyanzi hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, maana ufa huanzia ndani kabla ya kuonekana. Yeye alizaliwa na ngozi isiyo na rangi, na miaka yote amefinyanga juani, pale ufukweni. Ikupa, mchuuzi wa vyungu kutoka Bondeni, alimletea kofia pana ya mtumba, biashara hiyo iliporuhusiwa nchini.

“Mama, nesi anasema jua huharibu maagizo yaliyomo ndani ya chembe za ngozi, zikaanza kuzaliana ovyo. Hicho kidonda cha shavuni mbona hakiponi?”

“Ndaga, mwanangu,” alishukuru, akaivaa. Kisha akajigonga shavu kwa kifundo kilekile, polepole, akatega sikio. Mfinyanzi akainua kigoda chake, akaenda kuketi kwenye vyungu alivyovikataa kwa kuwa na ufa.