Alifunga safari kuifuata kahawa ya Kirinyaga, akakaribishwa chai

Jua la Garissa bado halijapanda vizuri, lakini kwenye kichochoro kimoja cha mtaa wa Waberi harufu imeshawatoa watu nyumbani. Naimo Kerrow ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa. Samli imeyeyuka ndani ya sufuria. Anamimina buni kavu, nyeusi, zikiwa bado na maganda yake, anafunika haraka, kisha anajivuta nyuma kidogo.

Zinaanza kupasuka moja moja, halafu zote kwa pamoja.

“Ikilia hivyo ndiyo imeiva,” anasema bila kugeuka. “Ikikaa kimya ikaanza kutoa moshi, hiyo imeungua. Mwaga, anza upya.”

Oda ya asubuhi hii ni ya nyumba ya pili kutoka kwake, ambako mtoto anapewa jina. Wazee watazitafuna buni hizo, watajipaka samli yake mikononi na kichwani, kisha dua isomwe. Wasomali wa huku huiita bun, na wengi wao hawaoni kama shughuli imekamilika bila hiyo.

“Chai tunakunywa kama maji,” anasema Naimo. “Bun ni heshima. Mgeni ukimpikia bun, umemwambia: wewe ni mtu mkubwa kwangu.”

Ana umri wa miaka hamsini na minne na ni mjane. Alizaliwa Kutulo, kaunti ya Mandera, katika familia ya wafugaji. Ukame ulipomaliza ng’ombe na mbuzi wao, yeye na mumewe, marehemu Bishar, walihamia Garissa wakiwa na mtoto mmoja na magodoro mawili. Bishar alipofariki, Naimo alianza kuuza kitu pekee alichojua kukifanya vizuri kuliko majirani. Siku njema hubakiwa na kama shilingi mia nane. Siku ya harusi hupata zaidi, na siku nyingine hapati kitu.

Kwa kazi hiyo amemsomesha bintiye, Hani, ambaye sasa ameajiriwa katika duka la dawa mjini Thika.

Mwaka jana Hani alimpigia simu mamake na kumwambia achague mahali popote nchini pa kutembea. Naimo hakuwa amewahi kusafiri ila kwa sababu ya ukame, ugonjwa au msiba. Hani alitarajia kusikia Mombasa.

“Nilimwambia, Hooyo, mama yangu, uone bahari,” anakumbuka Hani. “Akaniambia, bahari ina nini? Nipeleke inakotoka bun.”

Ukoo ulicheka. Abdilatif, kakake Naimo, alikuja nyumbani kumuuliza kama ana homa.

“Nilimwambia watu wanaenda Makka, wanaenda Mombasa, wanaenda hata Dubai,” anasema Abdilatif. “Wewe unaenda shambani? Kufanya nini?”

Lakini Naimo alikuwa na safari hiyo kichwani tangu utotoni. Mamake alikuwa akiweka buni ndani ya mfuko wa ngozi na kuulaza chini ya kichwa usiku. Naimo alipomuuliza zinatoka wapi, aliambiwa zinatoka milimani, kwa watu ambao kahawa haitoki jikoni mwao asubuhi wala jioni. Alipokua, muuzaji wake wa sokoni alimwambia gunia lake linatoka Kirinyaga. Redioni akasikia kwamba kahawa ya Kirinyaga inasifiwa mpaka Ulaya.

“Nikawaza, kama sisi wa jangwani tunaiheshimu hivi, wenyewe wanaifanyia nini? Nilidhani nitaisikia harufu kabla sijafika.”

Desemba, Hani alimpeleka. Mfanyakazi mwenzake wa dukani ni mzaliwa wa huko, na mama wa mwenzake huyo, Wakuthii, alikubali kuwapokea. Naimo alibeba zawadi ya samli kwenye mtungi, akaufunga kwa kanga mbili ili usimwagike.

Walifika mchana. Palikuwa na baridi, kijani kila upande, na mvua nyepesi isiyomshughulisha mtu yeyote isipokuwa Naimo, aliyesimama nje akiishangaa. Wakuthii, mjane mrefu wa miaka sabini na mbili, aliwashika mikono, akawaketisha sebuleni na kuleta birika.

Naimo aliinua kikombe. Ilikuwa chai ya maziwa.

“Nikanywa. Nikasema moyoni, hii ni ya kukata kiu tu, kahawa inakuja. Nikangoja. Akaleta viazi. Nikangoja. Akaleta chai tena.”

Mwishowe aliuliza kwa adabu kama kahawa imeisha nyumbani.

“Kahawa?” Wakuthii alishangaa. “Mama Hani, sisi hatuna hiyo. Iko shambani. Unataka kuiona?”

Naimo alifikiri hajaelewa Kiswahili cha mwenyeji wake. Akainuka akamfuata.

Shambani mshangao wa kwanza ulikuwa mtamu. Alikuwa amewazia miti mirefu kama migunga ya kwao, akakuta miti ambayo angeweza kuifikia kileleni akinyoosha mkono. Mavuno yalikuwa yanaisha, lakini tunda moja moja lilikuwa limebaki. Wakuthii alimchumia moja.

“Lilikuwa jekundu!” anasema Naimo, na mpaka leo uso wake unabadilika anapolitaja. “Nikalitia mdomoni. Ni tamu! Maisha yangu yote nimeshika bun, sijui kama iliwahi kuwa tunda. Kwangu mimi ilizaliwa nyeusi na chungu.”

Alikuwa bado anacheka aliposikia kishindo upande wa juu wa shamba. Kisha kingine. Walipanda, na hapo ndipo Naimo alipomkuta Muchira, kitinda mimba wa Wakuthii, akiwa na sururu mikononi. Nyuma yake miti ya kahawa ililala chini, mizizi juu, mingine ikiwa bado na matunda.

“Subhanallah!” Naimo alipiga kelele. “Huyu anafanya nini?”

“Anang’oa,” alijibu Wakuthii kwa sauti ya kawaida. “Tunapanda parachichi.”

Hani anasema mamake alikaa chini palepale kwenye udongo uliolowa. “Nilidhani ameanguka. Nilikimbia kumshika, akaniambia nimwache.”

Naimo mwenyewe anaeleza hivi: “Ni kama uje kwangu kuona ngamia niliokusifia, unikute nawachinja wote, na wengine wana mimba. Utasema nini? Nilisahau mimi ni mgeni. Nikamwambia yule kijana, wewe unaua!”

Muchira, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni fundi umeme jijini Nairobi. Alikuwa amechukua likizo ili aifanye kazi hiyo kwa mkono wake. Alipozungumza nasi kwa simu, hakukana maneno aliyomjibu mgeni siku hiyo.

“Nilimwambia, mama, hii kahawa imemzeesha mamangu. Amechuma tangu akiwa msichana. Amebeba magunia mgongoni mpaka kiwandani, mgongo umeisha. Malipo yanakuja yakitaka. Na hajawahi kuionja hata siku moja. Sasa unataka nimwekee ya nini?”

Naimo hakusikia mengine baada ya hapo. Alimgeukia Wakuthii.

“Hujawahi kuionja?”

“Wapi?” Wakuthii alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kupanda ndege. “Tunachuma, tunapeleka kiwandani, inaenda. Ni ya wazungu hiyo. Hata mamangu hakuionja.”

Walianza kurudi nyumbani. Naimo anasema alitamani Hani amrudishe Thika jioni ileile. “Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimetukana kijana wa watu kwenye shamba la mamake, na alikuwa na haki. Kile kilichonichoma ni kwamba alikuwa na haki.”

Wakapita kando ya banda la kuku. Hapo palikuwa na gunia kuukuu, limefunguka mdomo, kuku wakilalia juu yake. Naimo aliona kitu cheusi kikichungulia. Akainama, akachota kiganjani, akanusa.

“Hizi ni za nani?”

“Ah, hiyo ni mbuni tu,” alisema Wakuthii. “Ile inakauka juu ya mti kabla hatujaichuma, au imeanguka. Bei yake ni bure. Nitaiwashia moto.”

Ilikuwa bun yenyewe. Buni kavu na maganda yake, kama zile za kwenye mfuko wa mamake.

“Niliwafukuza wale kuku, wallahi,” anasema. “Kile tunachowapa wazee kabla ya dua, kuku wamekilalia.”

Hakuomba ruhusa mara mbili. Alichambua, akaosha, akakausha kwa kanga. Akamwonyesha mwenyeji wake jinsi ya kuuma ncha ya kila buni ili samli ipenye ndani. Wakuthii, ambaye meno ya mbele yamemtoka, alitumia kisu kidogo cha kumenyea viazi. Waliketi jikoni, wajane wawili, kila mmoja akisema Kiswahili cha kwao, wakizozana kuhusu moto. Wakuthii aliutaka mkubwa. Naimo akauondoa ukuni. Wakuthii akaurudisha.

Buni zilipoanza kupasuka, Wakuthii aliruka akiita jina la Mungu wake, na Naimo la wake.

Naimo alimpa kijiko cha kwanza mwenye nyumba. Wakuthii alitafuna taratibu, upande mmoja wa mdomo. Akaacha kutafuna. Akatazama nje kupitia mlango, kule shambani.

“Kumbe ndiyo hii,” alisema.

Akachukua nyingine. “Kumbe ndiyo hii.”

Hani anasema alidhani bibi huyo atacheka, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa samli. Badala yake alijifuta macho kwa ukingo wa leso. “Mamangu alikufa hajui,” akasema.

Muchira aliitwa. Alikula kiganja kimoja akiwa amesimama, akakaa, akala kingine. Kisha akachukua sururu yake akarudi kazini, na kishindo kikaanza upya.

Wakuthii alitoka hadi uani, akamwita kwa jina lake lote. “Hiyo ya juu nilikuruhusu, maliza,” alimwambia. “Hii ya chini usiiguse. Ya chini ni yangu.”

Sehemu ya juu sasa imekwisha kabisa. Januari Muchira alituma picha: mashimo kwenye mistari iliyonyooka, na mche wa parachichi ndani ya kila shimo. Hani, aliyekuwa amekuja Garissa kumtembelea, anasema mamake aliitazama picha hiyo, akamrudishia simu, na siku ile hakupika oda yoyote.

“Sikukasirika,” anasema Naimo. “Yule kijana anampenda mamake. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaona vile miti ilivyolala.”

Sehemu ya chini bado imesimama. Wakuthii humpigia Naimo simu karibu kila wiki. Mara ya kwanza alipika bun peke yake kwa mafuta ya kukaangia chipsi, ikaungua, nyumba ikajaa moshi. Naimo alimtumia samli kwa gari la abiria la Thika. Tangu hapo, anasema, kila anayebisha hodi kwa Wakuthii hupewa kiganja kimoja cha bun atake asitake, akiwemo mchungaji wa kanisa lake.

Waberi nako hakujatulia. Akina mama wanne wamemwomba Naimo awapeleke waone. Abdilatif, aliyemuuliza kama ana homa, naye ameuliza huko kwenye mvua nyasi zikoje.

Naimo anaipua sufuria. Mjumbe wa nyumba yenye mtoto amesimama mlangoni na sinia. Anammiminia, anamfunikia, anamwambia atembee polepole.

Safari yake ijayo ameshaichagua, na ni kulekule. Wakuthii amemwambia kwamba mvua za Machi zikinyesha vizuri, kahawa huchanua mara moja shamba zima, maua meupe yenye harufu kama asumini, na baada ya siku chache yote huanguka. Hataki kuyakosa. Amemwambia Hani akae tayari, kwa sababu mvua haitoi taarifa.

Kwa hiyo sasa, kila baada ya swala ya alfajiri, anaomba mvua mbili.

“Moja ya hapa, ya mifugo wetu,” anasema, akivuta makaa pembeni. “Na moja ya Wakuthii. Hapa watu wakinisikia wanashangaa. Waache washangae. Mimi nimeshashangaa ya kutosha, sasa nataka kuiona bun ikiwa nyeupe.”