Pikipiki ya Baba, Turbo ya Kigari cha Maziwa

Siku chache baada ya kumzika baba, ukoo ulikaa uwanjani kwetu Namboboto kugawa vitu vyake. Kaka yangu alipewa koti, binamu akapewa redio, mama akaachiwa ng'ombe. Ikabaki pikipiki ya silinda mbili, kuukuu kuliko mimi, ambayo baba aliinunua kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa imelala ghalani tangu nikiwa darasa la pili. Kuku walitagia chini ya tangi.

Nikasema naitaka mimi.

Baba mdogo huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Alinijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Mama, wewe utaolewa. Unataka pikipiki yetu ikalale kwa watu wengine?"

"Nani amesema nitaolewa?"

"Hiyo ni mila."

"Na mila ilimwuliza nani?"

Mzee mmoja akakohoa. Baba mdogo akawageukia wenzake akicheka. "Haya, sikieni. Hicho chuma kikiamka mikononi mwa huyu, kikae naye. Kisipoamka kabla ya mavuno, nakichukua."

Alidhani anatania. Mimi nilitazama ni wangapi wamemsikia. Uwanja ulikuwa umejaa.

Nilikuwa na shahada ya fizikia na siku nyingi zisizo na kazi. Kuiamsha tu kungetosha, lakini sikutaka pikipiki ya kwenda sokoni. Nilitaka mashine ya mbio za drag: mita mia nne, lami iliyonyooka, basi. Mashine isiyoweza kubeba gunia wala abiria, ili asipatikane mtu wa kuja kuiazima.

Niliipeleka Malaba mpakani kwa pikapu, kwa fundi aliyezeekea kwenye foleni ya malori. Malaba kila tatizo huponywa kwa kipuri cha lori. Nilipomwambia injini yetu inahitaji turbo ya kuisukumia hewa, aliniletea moja kubwa kama sufuria ya ugali wa matanga.

"Madam, hii imevuta tani thelathini mpaka Kampala. Itashindwa na hii mbuzi yako?"

"Moshi wa injini ndogo hivi utaizungusha kweli?"

"Vitabu havichafuki mikono," akasema.

Aibu yangu ni hii: nilikuwa nimeshapiga hesabu nyumbani, na hesabu ilikataa. Mimi ninayebishana hata na mhubiri nilinyamaza, kwa sababu turbo ile ilikuwa inapendeza kuitazama. Tukachomelea wiki tatu.

Injini iliwaka. Turbo haikujali. Pumzi ya injini yetu haikutosha kuizungusha, ikabaki imeziba njia ya moshi kama kizibo. Nilipoijaribu barabarani, bodaboda yenye mama mmoja na magunia mawili ya dagaa wa omena ilinipita.

"Boss, hiyo ni mbio ama matanga?" dereva akaniuliza.

Siku iliyofuata niliing'oa turbo mwenyewe. Kwenye vyuma chakavu nilipata kigari cha maziwa kilichogongwa, chenye injini ya ukubwa uleule wa yetu. Turbo yake ilienea kiganjani. Nikakata bamba la alumini na kuliweka chini ya silinda ili mgandamizo upungue na pistoni zisitoboke. Fundi akarefusha mkono wa gurudumu la nyuma ili la mbele lisiruke. Nilipozungusha mpini wa mafuta mara ya kwanza, turbo ikapiga mluzi, naye akajikuna shingo.

"Kumbe ilitaka kikombe cha chai tu."

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka baba mdogo alipokuja na wanaume wawili. Mimi na fundi tulimpeleka kwenye kipande cha lami mpya ambacho hakijafunguliwa, mlinzi akiwa ametukubalia. Akaizunguka pikipiki mara mbili.

"Hii si pikipiki ya ndugu yangu. Umeiharibu. Kiti cha nyuma kiko wapi? Huu mkia wote ni wa nini?"

"Ni ile au si ile, baba?"

"Si ile."

"Basi hapa huna kitu chako. Na kama ni ile, ulisema mbele ya ukoo ikiamka ikae nami. Chagua."

Wale wanaume wawili wakatazama lami. Fundi akainama kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

Nikavaa helmeti ya baba. Iliwaka kwa teke la tatu. Mwanzoni ilienda kama pikipiki yoyote kuukuu, kisha mluzi ukapanda na lami ikaanza kuja kwangu haraka kuliko nilivyoweza kufikiri. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi sikuwa na swali lolote. Karibu na mwisho mpira wa kupitisha hewa ya turbo ulichomoka, injini ikakohoa, nikamaliza mita za mwisho kwa kuteleza tu.

Walinifuata kwa miguu. Baba mdogo alifika akihema, akaweka mkono kwenye tangi, akauondoa. Tangi lilikuwa la moto.

"Imekufa?"

"Imechomoka mpira. Unarudishwa."

"Mama, ukiurudisha, hebu nami nijaribu. Mpaka pale tu."

"Haiazimwi, baba."

Nikaigeuza, nikaanza kuisukuma kurudi mwanzo wa mstari.