Jina la Mwenye Gari

Mke wangu ameniomba nisiisimulie habari hii mbele ya wageni, kwa hiyo naiandika, maana kuandika hajanikataza. Aibu yenyewe ni hii: kuna siku nilikalishwa chini kwenye vumbi la Mbagala, viatu nimevuliwa, watu kama arobaini wamenizunguka, nikaulizwa jina la baba mkwe wangu, mzee ambaye nimekaa na binti yake miaka tisa, na sikulijua.

Mie ni mtu wa ndani. Nikitoka kazini ni moja kwa moja nyumbani Tabata, msuli, runinga, chai, basi. Ndiyo maana baba mkwe alipokuwa anakwenda Singida kumuuguza kaka yake, aliona hakuna pa kuliacha gari lake salama kuliko kwa mtu asiyetoka. Akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akasema niliwashe kila asubuhi, nilifute vumbi, na lisivuke geti. Nikaitikia "ndiyo baba" mara tatu, macho chini, maana mzee yule namwogopa (hajawahi kunigombeza hata siku moja, na hiyo ndiyo inayonitisha).

Siku ya nne usukani ukagoma. Usukani wa gari lililozimwa hujifunga wenyewe, kila mtu anajua, unautikisa kidogo huku unazungusha ufunguo na unaachia. Mie nikaona kama unanidharau. Nikaukamata kwa mikono yote miwili, nikakanyaga mlango kwa mguu, nikavuta kwa hasira za mtu aliyeamshwa mapema, kitu kikalia humo ndani, na kuanzia hapo ufunguo ukawa hauendi kulia wala kushoto. Mke wangu alikuwa dirishani ameona yote. Akasema tu, "Mpigie baba umwambie." Nikamjibu kwamba fundi kwanza, baba nitamwambia likishapona.

Uamuzi wenyewe ndio huo. Mengine yote ni watoto wake.

Fundi Juma wa pale mtaani akaja, akalala chali chini ya usukani, akatoka na hukumu: swichi na kufuli yake vimeshikana na nguzo nzima ya usukani, vimekufa pamoja, lazima nguzo itoke iingie nyingine ya mtumba. Ikapatikana, ikaja na ufunguo wake. Alifunga kutwa nzima. Alipowasha, gari likanguruma sekunde mbili, likazima. Akawasha tena, sekunde mbili, likazima. Hapo ndipo akakumbuka (akakumbuka, jamani, baada ya kufunga) kwamba gari hilo lina ulinzi wa wizi, kwamba ndani ya kichwa cha ufunguo wa zamani, kwenye ile plastiki, kuna chipu, na gari lisipoihisi chipu hiyo karibu na swichi linakuhesabu mwizi. Kabla sijauliza lolote akakipasua kichwa cha ufunguo wa baba mkwe kwa nyundo, akatoa kitu kama punje ya mchele, akakibandika kwa utepe mweusi pembeni ya swichi, chini ya ganda la usukani. Gari likawaka, likatulia. Yeye akafurahi. Mie nikabaki nimeshika ufunguo usio na kichwa, kipande tu cha chuma, ambacho ndicho pekee kinachofungua milango na hakishikiki bila koleo.

Baba mkwe alikuwa anarudi Jumapili. Nikaambiwa Mbagala kuna fundi wa funguo anayeweka vichwa vipya. Ijumaa nikaomba ruhusa kazini na nikavuka geti.

Nilifika saa sita na nusu, nikaegesha, nikafunga mlango, nikaenda kibandani kwake nikaambiwa kaenda kuswali. Nikaona nimsubiri ndani ya gari, maana kukaa mitaani mie siwezi. Nikatoa koleo mfukoni, nikakibana kile kipande cha chuma, nikaanza kuhangaika na kitasa, jasho linanitoka, nageukageuka nisije nikaonwa na mtu anayemfahamu baba mkwe. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo hapo jirani akaacha kuigeuza.

Nikaogopa, na mlango ulipokubali nikaingia, nikaona bora niondoke kabisa. Nikawasha. Likawaka, sekunde mbili, likazima. Joto la njiani lilikuwa limeulegeza ule utepe, chipu imedondoka humo ndani. Nikabandua ganda, nikaingiza mikono kwenye nyaya.

"Kaka," akasema yule mama wa mihogo, "gari la nani hilo?"

"La mkwe."

"Mkwe mwenyewe yuko wapi?"

"Singida."

"Anajua kama unalo huku?"

Nikazidi kuinamia nyaya. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Sijui nani alianza kulitamka neno mwizi. Lilisemwa taratibu, kama mtu anayejaribu tu, halafu likasemwa na mwingine, halafu nikawa nje ya gari bila kukumbuka nimetokaje. Wengi walikuwa wanapiga kelele. Lakini kulikuwa na kaka mmoja, shati limepigwa pasi vizuri, yeye hakusema kitu, alivua saa mkononi, akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilimwogopa yule kuliko wote. Nilitaka kusema nina watoto wawili, ikatoka sauti kama ya mbuzi. Nikamfikiria Joshua, mwanangu mkubwa, atakavyoambiwa shuleni.

Aliyenikinga ni Mzee Seif, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo nilikuwa nimeegesha mbele yake. Alisimama katikati na kanzu yake, akasema hapigwi mtu hapo kabla hajaulizwa. Akaomba kadi ya gari, nikamwonyesha ilipo, akavaa miwani.

"Haya mwanangu. Hapa pana jina la mwenye gari. Nitajie."

"Baba Neema," nikasema. Neema ni mke wangu.

"Huyo ni Baba Neema wa kwenu. Jina lake."

Jamani. Kwetu sie mkwe hatajwi jina, na asiyetajwa utamjuaje? Ni Baba, ni Mzee, kwenye simu yangu ni Mkwe. Kadi ya harusi yangu sikuisoma, niliigawa tu. Nikajaribu.

"Elia?"

"Anabahatisha huyu," mtu akasema nyuma, na duara likasogea.

Mzee Seif akachukua simu yangu, akampigia Mkwe, akaweka spika. Akauliza kama anaongea na Zebedayo (ndio nikalijua hapo, pamoja na umati), akamweleza kuna kijana kakamatwa Mbagala na gari lake na koleo. Baba mkwe akasema haiwezekani, gari lake liko Tabata, halitoki. Akasomewa namba. Akaomba isomwe tena.

"Basi mshikeni asikimbie," akasema. Halafu sauti ikamkatika. "Muulizeni huyo mwizi amemfanya nini mkwe wangu. Yule hatokagi nyumbani. Kama gari limetoka, yeye kafanywa kitu. Muulizeni kama mwanangu yuko hai."

Nikayasikia mafuta ya mihogo yanavyochemka.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba." Alijibu kwa mazoea tu. "Baba Joshua?"

"Ndiyo baba."

"Uko hai?"

"Mpaka sasa, baba."

"Mwizi yuko wapi?"

"Ndio mie, baba."

Basi nikasema yote, mbele ya watu arobaini, kuanzia nilivyouvuta usukani, nguzo ya mtumba, nyundo, chipu, utepe, nikilia kabisa, makamasi yananitoka. Nilipomaliza alishusha pumzi ndefu.

"Mwachieni," akamwambia Mzee Seif. "Mwizi hawezi kuharibu kiasi hicho. Huyo ni wangu."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule kaka akaivaa saa yake, akapiga magoti kwenye gari, akaitafuta chipu na tochi ya simu mpaka akaipata, kwa upole ambao mpaka leo unanisisimua mwili. Fundi wa funguo alirudi akakuta mteja wake hana viatu.

Jumapili baba mkwe alikuja, akakaa kwenye gari, akauzungusha usukani, akasema mwepesi kuliko wa kwake. Basi. Hakugomba. Nilitamani angegomba.

Nimeapa kitu cha mtu hakiharibiki tena mkononi mwangu nikakificha hata dakika moja. Mwezi uliopita nimeangusha glasi jikoni kwake, nikampigia simu hapohapo, yeye yuko sebuleni. Alipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimejikata.