Mchinjaji Aliyekataa Kuwahi

Saa tatu asubuhi Machano Borafya anaingia Kiembe Samaki, baiskeli yake ikilia kuliko ng'ombe aliyeitiwa. Ng'ombe mwenyewe kalala ubavu nyuma ya nyumba ya Bi Sichana, tumbo limevimba, damu nyeusi inamchuruzika puani.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu, lakini salamu baadaye! Wahi, roho inamtoka!"

Kuwahi ndiyo kazi yake tangu mwaka wa Mapinduzi. Mnyama akizidiwa, Machano huitwa apitishe kisu kabla ya pumzi ya mwisho. Akichelewa, ni nyamafu, na nyamafu haliwi. Ujira ni shilingi tano na kipande cha shingo. Watani wake husema Izraili kila akifika humkuta Machano kashamaliza.

Leo kisu hakitoki kwenye ala.

"Sichinji, Bi. Huyu ana kimeta."

Majirani wanane, vikapu vya kutilia nyama mkononi, wanaangua kicheko.

"Mchinjaji kaogopa damu!" anasema Mkubwa, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Basi nipe mimi hicho kisu, wewe kashike kikapu."

Machano anasimama baina yake na ng'ombe, anakunja mkono wa shati. Juu ya kiwiko pana kovu lililobonyea, upana wa shilingi.

"Mwaka jana, mtaa wa Mpendae, nilimwahi ng'ombe kama huyu. Kikanitoka kidonda cheusi, hakiumi hata chembe, nikakidharau. Siku ya nne mkono umevimba kama paja. Mimi sindano zimenirudisha. Zahor, aliyenishikia miguu ya ng'ombe, tumemzika."

Vicheko vinakatika.

"Sina mwengine, Machano," Bi Sichana anasema taratibu. "Nikiuza nyama hiyo ndiyo nipate ndama wa kesho."

"Najua, Bi."

Lakini haondoki pale. Ng'ombe anavuta pumzi, inakatika kidogo, anavuta tena. Kila mtu anamtazama Machano mkononi. Dakika kumi na moja mtu asiyejua kuchelewa anasimama tu, anangoja, jasho linamtiririka.

Pumzi nyengine haiji. Bi Sichana anageuza uso.

"Asiguswe, wala ngozi," Machano anasema. "Mmoja akamwite daktari wa mifugo. Mimi nipeni jembe."

Akichimba, anasema sasa anataka kupita nyumba kwa nyumba, hapa na Mpendae, awaambie watu: mnyama akikataa majani tu, aitwe daktari, si yeye.

"Na habari ya leo ikifika mjini, nani atakuita tena?" anauliza Mkubwa, keshashika jembe la pili.

Shimo limefika kiunoni. Machano anapangusa uso kwa bega.

"Chimba, bwana. Nnataka kwanza wabaki wa kuniita."